Kabla Hujasema Ni Chuma Chakavu

Somo: Luka 14:28–30, Ezekieli 13:10–15, 1 Petro 1:18–19



Wapendwa, ujumbe wa wiki hii unaanza kwa mchungaji wenu kutubu. Wale waliokuwepo Jumapili waliusikia. Ninauandika hapa kwa sababu wengi walikuwa kwenye mazishi kule Boito, na kwa sababu kosa lililofanywa kwa niaba ya kanisa zima ni vizuri likaungamwe mbele ya kanisa zima.

Wengi wenu mnajua kwamba kabla Bwana hajaniita, nilikuwa fundi wa bodi za magari. Miaka kumi na mmoja nilipiga nyundo jua kali Kericho, nikinyoosha matatu zilizogongana na pikapu zilizoanguka mtaroni zikiwa na chai. Mikono hii mnayoiona ikiinuliwa madhabahuni bado ina alama za cheche za moto. Niliiacha kazi hiyo, lakini yenyewe haijaniacha. Nikiona gari limepakwa rangi mpya, jicho langu linatafuta tu ni wapi limefichwa.

Basi Alhamisi moja mwezi uliopita, mzee mmoja wa kanisa letu alinipigia simu. Akaniambia, "Pasta, kuja nyumbani. Na ukuje na bisibisi yako ya zamani."

Nikadhani ni mlango wa zizi. Kumbe!

Gari nyuma ya zizi

Tulipita majani chai yake, tukapita ng'ombe, tukafika kwenye kibanda cha mabati. Akavuta turubai. Kuku watatu wakaruka nje wakipiga kelele. Wapendwa, nilisimama pale nikakosa maneno. Chini ya vumbi na samadi ya kuku kulikuwa na Datsun 240Z. Pua ndefu, milango miwili, viti viwili.

Vijana hawajui hilo ni gari gani, lakini wazee wanajua. Hilo ndilo lililoshinda mbio za Safari mwaka wa 1971 likiendeshwa na Edgar Herrmann, na tena mwaka wa 1973 likiendeshwa na Shekhar Mehta. Siku hizo Safari ilikuwa ya Pasaka, na watu walikuwa wanasimama kando ya barabara kwenye matope tangu usiku, wakingoja taa zitokee. Hata leo mbio za dunia zikija Naivasha, mzee hawezi kumaliza dakika tano bila kukukumbusha Datsun.

Hili halikuwa la mashindano. Baba yake mzee alikuwa dereva wa meneja mmoja mzungu kwenye mashamba ya chai. Meneja alipokuwa anarudi kwao, alimwachia dereva wake kwa bei ya kirafiki. Likaendeshwa miaka kadhaa, likaharibika breki, likasukumwa kibandani "mpaka bonasi itoke." Bonasi zikatoka. Zikalipa karo, zikalipa mahari, zikalipa hospitali. Gari likabaki hapo hapo karibu miaka arobaini.

Sasa nyumba ilikuwa imegawanyika. Dalali mmoja alikuwa amekuja akasema atatoa shilingi 60,000, maana "mzee, hii ni chuma chakavu tu." Mjukuu aliye chuo alisema babu achukue bonasi yote ya Oktoba atengeneze, watakuwa matajiri. Na mama wa nyumba alisema hataki kujua habari ya Datsun, anataka kibanda chake cha ndama.

Mzee akanigeukia. "Pasta, mwanangu, mimi sitaki kufurahishwa. Niambie ukweli. Hii kitu ina thamani gani, na kuirudisha ni pesa ngapi?"

Jinsi ya kukagua

Nilivua koti. Nikalala chini juu ya gunia.

Ngoja niwaeleze jinsi fundi anavyokagua gari la kutu, maana huko mbele tutalihitaji. Fundi hatazami rangi. Rangi ni maneno ya mdomo. Kwanza anachukua sumaku, anaifunga kwa kitambaa, anaipitisha pole pole kwenye bodi. Ikishika, hapo kuna chuma. Ikianguka, hapo mtu alijaza fila akapaka rangi juu. Halafu anachukua bisibisi, anadunga. Kutu ya juu juu inakwaruzika na chuma kinabaki kimesimama. Kutu ya ndani, bisibisi inapita kama inaingia kwenye mandazi.

Unadunga wapi? Pale maji yanapokaa bila kuonekana. Kingo za chini ya milango. Sakafu chini ya kapeti. Chini ya betri, kwa sababu asidi inamwagika pale. Pembe za kioo cha mbele. Kile kishimo cha gurudumu la akiba. Gari hili halina chasisi ya pembeni kama lori. Bodi yenyewe ndiyo mifupa. Kwa hiyo sakafu ikioza, si kapeti iliyoharibika, ni uti wa mgongo. Unaweka jeki, unainua, halafu unafungua mlango. Mlango ukikataa kufunga tena, ujue mifupa imelegea.

Halafu unafungua boneti. Tulitoa plagi sita, tukamimina mafuta kidogo kwenye kila silinda, tukangoja huku tukinywa chai, kisha nikaweka spana nikajaribu kuzungusha injini kwa mkono. Mara ya kwanza ilikataa. Mara ya pili ilikataa. Mara ya tatu ikalia "krrr," ikazunguka! Mzee akapiga makofi kama mtoto. Haleluya!

Jambo la mwisho ndilo ambalo dalali hakulitaja. Nilichukua kitambaa nikafuta ule ukuta wa chuma nyuma ya injini. Namba ikatokea, imepigwa kwenye chuma chenyewe: HS30, halafu tarakimu zake. Mama akaleta logibuku kutoka kwenye sanduku la bati. Namba ni ile ile. Wapendwa, kutu ilikuwa imekula sakafu, imekula kingo, imekula tangi la petroli. Lakini ile namba iliyopigwa kiwandani ilikuwa inasomeka. Na namba ile ndiyo inayosema hiki ni kitu gani na kilitengenezwa na nani.

Hesabu

Tukaketi, nikachukua kalamu. Haya yalikuwa makadirio yangu ya siku ile, kwa bei za mafundi ninaowajua na spea ambazo lazima zitoke nje:

Kukata kutu, kuchomelea sakafu mpya na kingo: 400,000. Praima na rangi ya kweli: 180,000. Injini na kabureta zake mbili: 250,000. Breki, tangi na magurudumu: 150,000. Vioo, mipira, viti na nyaya: 220,000. Jumla, 1,200,000. Halafu nikaongeza theluthi moja, 400,000, kwa sababu fundi yeyote mkweli atakuambia kutu unayoiona ni ndogo kuliko ile utakayoikuta ukishakata. Jumla kuu, shilingi 1,600,000.

Mzee alinyamaza. Bonasi yake ya mwaka huu haikufika hata 150,000.

Mjukuu akauliza, "Lakini Pasta, si likimalizika linauzwa mamilioni?"

Nikamwambia kweli, likimalizika. Kuna watu wanaoyapenda. Kila mwaka Nairobi, kwenye uwanja wa mbio za farasi wa Ngong, magari ya zamani yanapangwa yanatahiniwa kama watoto wa shule. Tena sheria yetu kwa kawaida hairuhusu kuingiza gari lililotumika la zaidi ya miaka 8, kwa hiyo yale machache yaliyobaki nchini yana heshima yake. Lakini nikamwambia hivi: "Ukianza na pesa za bonasi moja, utalifungua lote, utakata sakafu, na pesa itaisha hapo. Na gari lililofunguliwa likaachwa nusu, bolti kwenye mikebe, vioo chini ya kitanda, lina thamani ndogo kuliko hili lililo na kutu lakini limekamilika."

Je, si ndivyo Bwana Yesu alivyosema katika Luka 14? Mtu anataka kujenga mnara. Aketi kwanza, ahesabu gharama, aone kama anacho cha kumalizia. La sivyo ataweka msingi, atashindwa kumaliza, na wapita njia watamcheka. Hapa kwetu tunazijua nyumba za namna hiyo, zimefika lenta mwaka wa uchaguzi na mpaka leo nyasi inaota sebuleni.

Basi ushauri wangu ulikuwa mwepesi. Usilitengeneze. Usimpe dalali. Lifunike vizuri, liinue kwenye mawe lisikae kwenye unyevu, tunza logibuku, halafu tafuta mnunuzi anayejua anachonunua na mwenye pesa ya kumaliza. Na mama apate kibanda chake.

Mama akasema, "Amina!" Hiyo ndiyo Amina kubwa niliyoipata mwezi huo.

Swali la mzee

Nilikuwa nanawa mikono niondoke. Mzee ameshika jagi ananimwagia maji. Akaniuliza kwa sauti ya chini, bila hasira: "Pasta, gari hili umelala chini yake karibu saa mbili. Yule kijana wetu, siku ya kamati, tulimpa dakika ngapi?"

Wapendwa, maji yaliendelea kumwagika na mikono yangu ikasimama.

Jumanne ya wiki hiyo hiyo, kamati ya kanisa ilikuwa imekaa. Katika ajenda kulikuwa na kijana mmoja wa kanisa hili. Nimeomba ruhusa yake na ya mama yake kuandika haya, nao wamekubali, nisiseme jina tu. Kijana huyu alikuwa anatupigia kinanda. Pombe ikamchukua. Kanisa likamlipia kituo cha kurekebisha tabia mara ya kwanza, akarudi, miezi minne akaanguka. Tukamlipia mara ya pili, akarudi, wiki sita akaanguka. Mama yake alileta barua akiomba mara ya tatu. Shilingi 90,000. Na kwenye akaunti kulikuwa na pesa za mabati ya darasa la watoto, zile mlizochanga.

Tulizungumza dakika kumi. Labda kumi na mbili. Mmoja akasema, "Huyo tumeshamtengeneza sana." Mwingine akasema watoto wananyeshewa, na hilo ni kweli, wananyeshewa. Mimi nilikuwa mwenyekiti. Nikanukuu Luka 14. Ndiyo, andiko lile lile! Nikasema lazima kanisa lihesabu gharama. Tukaandika kwenye kumbukumbu: ombi halikukubaliwa. Tukafunga kwa maombi.

Hakuna aliyechukua sumaku. Hakuna aliyelala chini. Nilimpa Datsun heshima ya kuikagua kabla sijatoa hukumu, na mtoto wa kanisa nikamtazama rangi tu. Nilikuwa yule dalali.

Nililolikuta

Siku iliyofuata nilikwenda kwao. Sikwenda na kamati, sikwenda na Biblia kubwa. Kijana alikuwa nyuma ya nyumba. Hakunifurahia, na sikumlaumu. Mama akaleta mursik. Tuliketi. Saa nzima hakusema kitu. Halafu nikamuuliza swali ambalo kwa miaka miwili hakuna mtu wa kanisa aliyemuuliza: "Mwanangu, ukirudi kutoka kule, siku ya kwanza inakuwaje?"

Akaniambia. Siku ya kwanza inakuwa Jumapili. Tunamsimamisha mbele. Anatoa ushuhuda, tunapiga makofi, dada wanalia, anapewa kinanda palepale. Jumatatu anaamka hana kazi. Saa kumi na mbili jioni, wale aliokuwa akinywa nao wanapita mlangoni, maana njia ya kwenda kwenye chang'aa inapita hapo hapo kwao. Na hakuna mtu mwingine anayepita. Akasema, "Pasta, Jumapili mko mia tatu. Jumatatu jioni niko peke yangu."

Nikashika kichwa. Kwa maana hiyo ni kazi ninayoijua. Hiyo ni fila! Mara mbili tulijaza fila juu ya kutu tukapiga rangi ya kung'aa, tukaisukuma barabarani watu waione, kisha ilipobomoka tukasema gari ndilo bovu.

Nabii Ezekieli aliliona hili. Sura ya 13, watu wanajenga ukuta dhaifu, na manabii wanaupaka chokaa uonekane mzuri. Mungu anasema mvua itakuja, mawe ya barafu yatakuja, ukuta utaanguka. Na angalieni Mungu anamuuliza nani. Anawauliza wale waliopaka chokaa! Wapendwa, mimi nilipaka. Nanyi mlinisaidia kushika brashi. Makofi yetu yalikuwa chokaa.

Hesabu ya gari na hesabu ya mtu

Sasa mtu ataniuliza, na ni swali zuri: "Pasta, kwa hiyo tusihesabu gharama? Tutoe tu pesa kila mara?" Hapana. Sikilizeni vizuri.

Bwana Yesu hakusema usihesabu. Lakini alikuwa anamwambia nani? Alikuwa anauambia umati uliotaka kumfuata, kwamba kumfuata kuna msalaba. Mimi nikalichukua neno lililonitaka nihesabu gharama ya uanafunzi wangu, nikalitumia kukataa gharama ya ndugu yangu. Hivyo ndivyo andiko linavyogeuzwa fimbo.

Ukienda sura inayofuata, Luka 15, mchungaji ana kondoo mia. Mmoja amepotea. Kwa hesabu ya dalali, asilimia moja ni hasara ya kawaida. Lakini anakwenda, na anamtafuta mpaka ampate. Je, hakuhesabu? Alihesabu! Kama hangehesabu angejuaje kuna mmoja hayupo?

Basi hii ndiyo tofauti niliyoipata chini ya ile Datsun. Gari unalihesabia gharama ili ujue kama utaanza. Mtu unamhesabia gharama ili ujue utabeba nini njiani. Kwa gari jibu laweza kuwa "hapana," na ni hekima, wala si dhambi. Kwa mtu, swali la kama anastahili lilishajibiwa kabla kamati haijakaa. Petro anatuambia kwamba hatukukombolewa kwa vitu viharibikavyo, kwa fedha au dhahabu. Tulitolewa katika mwenendo usiofaa tulioupokea kwa baba zetu, kwa damu ya thamani, ya Kristo. Bei imeandikwa tayari. Wewe na mimi hatuna kalamu ya kuifuta.

Na ile namba nyuma ya injini? Mwanzo 1:27. Mungu alimuumba mtu kwa mfano wake. Chang'aa imekula afya ya kijana yule, imekula jina lake, imekula urafiki. Namba bado inasomeka. Aliyetengeneza hajakana kitu chake.

Hata katika mbio za magari kuna funzo. Mwaka wa 1965, Joginder Singh na nduguye Jaswant walishinda Safari kwa Volvo PV544 ambayo haikuwa mpya. Ilikuwa gari lililokwisha kutumika kwenye mbio, la pili mkononi. Magari mapya ya makampuni makubwa yalibaki nyuma. Mimi simwahidi mtu kwamba kijana wetu atashinda kesho. Ninasema tu kwamba lililotumika na kugongwa bado lina safari, likipata mtu wa kukaza kila bolti.

Gharama yenyewe

Kwa hiyo nilirudi na kalamu, nikafanya hesabu ya kweli, kama ile ya Datsun. Kituo, miezi mitatu: 90,000. Hiyo ndiyo tuliyoibishania, na ndiyo rahisi. Hizi nyingine hazikuwa kwenye ajenda.

Mtu wa kumtembelea kila wiki akiwa kule. Akirudi, hakuna ushuhuda wa mbele na hakuna kinanda mpaka yeye mwenyewe na walezi wake waseme wakati umefika. Kazi ya mikono kuanzia Jumatatu ya kwanza. Ndugu mmoja ameshasema atampa sehemu ya shamba lake achume chai alipwe kwa kilo kama wengine, bila huruma na bila upendeleo. Halafu jioni. Kuanzia saa kumi na mbili mpaka saa tatu usiku, kila siku, miezi sita ya kwanza, awepo mtu. Tunahitaji familia saba, kila moja na siku yake. Awe mezani, ale ugali, asikie watoto wakifanya hesabu. Hakuna mahubiri yanayohitajika.

Na kama fundi mkweli nikaongeza theluthi moja ya yale tusiyoyaona. Anaweza kuanguka tena. Ninaandika hapa ili asije mtu akasema hatukuambiwa. Akianguka, hatutashangaa, tutafungua tena ukurasa wa hesabu tuone ni wapi maji yalikuwa yanakaa. Paulo anawaandikia Wafilipi kwamba yeye aliyeanza kazi njema ndani yao ataiendeleza mpaka siku ya Kristo. Mungu hana magari aliyoyafungua akayaacha, bolti kwenye mikebe. Sisi ndio tunao.

Na mabati? Watoto bado wananyeshewa, nami sitaki kulipuuza. Sitachukua pesa za mabati kwa siri wala kwa kelele za madhabahuni. Kamati inakaa tena Jumanne hii saa nane, mlango wazi, na mama wa kijana ataketi nasi. Mimi nitaomba kumbukumbu ya ule uamuzi ifunguliwe, na nitaomba msamaha kwanza kabla ya kuomba pesa. Mke wangu na mimi tumechukua jioni ya Jumatatu, ile siku ngumu. Zimebaki sita. Hadi ninapoandika, tatu zimepata watu. Yule mzee alichukua Ijumaa kabla sijamaliza sentensi.

Wewe unadunga wapi?

Mpendwa unayesoma, labda kwako huyo ni mume, au ni binti aliyerudi na mimba, au ni ndugu mliyegombana kwa ajili ya shamba. Umeshamwandikia bei. Umesema, "Huyo ni chuma chakavu." Ninakuuliza alivyoniuliza mzee: ulimkagua dakika ngapi? Ulilala chini, au uliangalia rangi?

Na labda wewe mwenyewe ndiwe uliye kibandani, kuku wanakulalia, na madalali wameshapita wakakutajia 60,000. Sikiliza. Anayekuja kukukagua ana alama mikononi kama fundi. Ataona kutu yote, hata ile ya chini ya kapeti, na hataondoka. Ameshalipa. Usimfichie kwa fila. Mwonyeshe pale panapooza.

Datsun bado iko Kimulot. Imeinuliwa kwenye mawe, imefunikwa, na kuna mtu kutoka Nakuru atakuja kuiangalia. Ndama wako kwenye kibanda kipya. Kijana bado yuko nyumbani, anangoja Jumanne. Jana jioni nilipita, akanisindikiza mpaka barabarani. Hatukuongea mengi. Lakini alinisindikiza.

Tuombe.

Baba, utusamehe kwa hukumu tulizotoa haraka na kufunga kwa maombi. Utupe macho ya kukagua na moyo wa kumaliza. Pale tulipopaka chokaa, ubomoe mwenyewe, kisha utufundishe kujenga. Mkumbuke kijana huyu na mama yake wiki hii. Katika jina la Yesu. Amina.

*Kwa vikundi vya nyumbani wiki hii:* Someni Luka 14:25–33 na Luka 15:1–10 kwa pamoja. Ni gharama gani Yesu anakutaka uihesabu wewe mwenyewe? Ni nani mtaani kwenu ambaye Jumapili tunampigia makofi na Jumatatu hakuna anayepita kwake? Anayetaka kuchukua moja ya jioni tatu zilizobaki aongee nami au na mama mchungaji kabla ya Jumanne.